Chai Isiyokolea

Mama yangu alichukua funda moja, akarudisha kikombe mezani, akafuta midomo kwa pindo la khanga, akasema, "Haya, asante. Nimeshiba."

Mtu anashibaje kwa funda moja la chai? Nilikuwa nimesimama mlangoni na chujio mkononi, namwangalia, natamani kulia na kugomba kwa pamoja. Alikuwa na siku chache tu nyumbani kwangu hapa Korogwe mjini, na kila asubuhi ilikuwa hivyo hivyo. Anapokea kikombe kwa mikono miwili, adabu zote, kana kwamba yuko kwa wakwe. Anaonja, anashukuru, basi.

Angekuwa mtu asiyependa chai ningenyamaza. Lakini huyu ndiye aliyenilea kwa chai. Kule Kang'ata, ndani huko Handeni nilikozaliwa, alikuwa hatoki kwenda shamba mpaka amalize kikombe chake kikubwa cha bati, na akirudi hakuna wa kumsemesha mpaka amalize kingine. Marehemu baba alikuwa akitutania kwamba siku alipokwenda kuposa, binti hakuuliza kama mwanamume ana mbuzi wangapi, aliuliza kama kwao majani ya chai yapo.

Nami nimerithi. Wengine wana ugoro, mimi nina chai. Wala sisemi ile ya vifuko vyenye uzi, ambayo kwangu ni sawa na kumwogesha mtoto na nguo zake. Nasema majani yenyewe, yanayopimwa kwa mizani, unayoyaona kwa macho na kuyapekecha kiganjani. Majani mazuri ukiyapekecha hayageuki unga mara moja. Yanakataa kidogo, halafu yanakuachia harufu kwenye vidole, na harufu hiyo unakaa nayo hadi mchana. Kila mji ninaofika, kabla sijajua msikiti uko wapi nimeshajua majani yanauzwa wapi. Mume wangu ananicheka. Yeye hata maji ya kuoshea vyombo ukiyatia rangi na sukari atakunywa na kusema alhamdulillahi.

Kwa hiyo mama kukataa chai nyumbani kwangu mimi, kwenye kabati lililojaa makopo ya majani! Iliniuma, nisiseme uongo.

Alikuja kwangu kwa sababu alianguka. Kisima cha kule kiko bondeni, njia yake ni mteremko mtupu, na mvua ikipita kidogo tu udongo unateleza. Jirani yake, mama mmoja wa makamo, alimkuta amekaa chini, ndoo imebingirika huko, nyonga haimnyanyui. Jirani akanipigia simu. Nilipokata simu nilivaa viatu viwili visivyofanana nikatoka hivyo hivyo kwenda kutafuta gari la kukodi. Mfupa haukuvunjika, tunamshukuru Mungu, ila daktari alisema bibi huyu asibebe ndoo tena. Mimi ndiye mtoto pekee aliyebakia. Nikamwambia, "Mama, kuishi peke yako basi." Hakubishana. Alikunja mkeka wake, akachukua kopo la mbegu za mahindi lililokuwa limetundikwa juu ya jiko kwenye moshi, akapanda gari akiwa amenuna.

Na hapo ndipo vita vya chai vilipoanza.

"Majani yenu hayana kitu," alisema siku nilipomkalia kooni. "Chai haikolei."

"Niongeze majani?"

"Hata ukijaza debe."

"Sukari?"

"Sukari ipo. Nakwambia haikolei, mwanangu. Chai ya kwenu imepooza."

Si chai tu. Alikuwa na lalamiko la sabuni. Eti sabuni ya Korogwe haitoki mwilini, anajimwagia, anajimwagia, bado anateleza kama kambare. Na siku nilipotaka kumpikia chai ya maziwa, nikiwa nimeinua kopo la maji niongeze kwenye sufuria, alinidaka mkono. "Usitie maji, yatakatika!" Nikakumbuka kuwa kwetu ndivyo ilivyo: maziwa tunayonunua kwa Wamasai huchemshwa peke yake na majani yakatupwa humo humo. Ukitia maji, maziwa yanakatika mabonge mabonge. Nikiwa mtoto nilidhani ni mwiko tu wa wazee. Nikamwambia, "Mama, hapa hayakatiki," nikamimina, na kweli hayakukatika. Aliinama akayachungulia kwa mashaka makubwa. "Maziwa gani haya?" akasema, na hakuyanywa.

Basi jioni moja akanipa masharti. Tulikuwa barazani, anachambua mchele, hata kichwa hakuinua. "Sikiliza. Mvua zikianza, unirudishe nikapande mahindi yangu. Lakini ukiweza kabla ya hapo kunipa chai ya kunywa, chai ya kweli, mdomo wangu hautaitaja Kang'ata tena. Nitakaa hapa mpaka mnizike."

"Sawa," nikasema haraka, kabla hajabadili mawazo. Chai tu? Mimi? Huyu mama hanijui.

Niseme wazi nilichokuwa nakipigania. Nilikuwa naogopa simu. Tangu siku ile, jina la yule jirani likitokea kwenye kioo roho inaruka. Nilikuwa siwezi tena kulala mama akiwa kule na mimi huku, nikijua kuna kisima kinamngoja. Nilimtaka hapa, kwenye chumba chenye sakafu ya saruji na bomba uani. Na mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya upande wa milimani.

Kesho yake nilikuwa wa kwanza kwenye duka la Wahindi karibu na soko. Ni duka la familia moja iliyozaliwa na kuzeekea hapa hapa Korogwe, na kwangu ni mahali pa starehe kuliko popote. Ukivuka kizingiti tu, iliki na mdalasini vinakupokea kabla ya mtu kukupokea. Makopo ya majani yamepangwa nyuma ya kaunta, kila moja na kijiko chake, na mama mwenye duka ana nywele nyeupe na miwani inayoning'inia kifuani. Huwa hauzi kitu kabla hujanusa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unahema kama umeacha sufuria jikoni?"

Nikamweleza. Akanifungulia kopo baada ya kopo, akinimiminia chembe kiganjani. Haya mekundu, haya meusi yaliyojikunja kama kucha, haya ya vumbi kwa wanaotaka rangi ya haraka. Ana jiko dogo chini ya kaunta, na kwa kawaida ananichemshia kikombe nakunywa nimekaa kwenye gunia la dengu, tunasengenya mji mzima. Siku hiyo alivuta kiti. "Kaa kwanza. Chai haikimbizwi." Sikukaa. Nilikunywa nimesimama, ulimi ukaungua, nikafungiwa yale yaliyojikunja nikatoka karibu mbio.

Mama akachukua funda moja. "Asante. Nimeshiba."

Nikaenda Mombo. Pale kuna hoteli ya kando ya barabara kuu, mabasi yanaposimama abiria wakagombania mayai na mahindi ya kuchemsha, na chai yao ya maziwa yenye tangawizi nimewahi kuiota ndotoni. Nikasema pengine shida ni mkono wangu, sijui kupika. Nikajaza chupa ya chai ile iliyokwisha pikwa, nikaipakata kifuani njia nzima nikirudi, abiria mwenzangu akaniuliza kama nina mgonjwa hospitali. Mama alionja, akatikisa kichwa kwa huruma. "Umehangaika sana, mwanangu." Huruma yake iliniudhi kuliko kukataa kwake.

Basi nikapanda mlima. Dindira mimi nina mwanamke wa kufahamiana, mkulima wa chai. Majani mengi huyauza mabichi, lakini machache huyabakiza, akayanyausha ndani, akayasokota kwa viganja na kuyaanika kwenye ungo kwa ajili ya nyumba yake. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Alinipikia kwa maji ya chemchemi yaliyo baridi hata meno yanauma, na jamani, ile chai! Rangi ya asali, haitaki sukari, inapita kooni halafu inarudi puani kukuaga. Nilikunywa mpaka nikaona haya. Lakini hata nikiifurahia miguu ilikuwa inacheza chini ya meza. Mawingu. Mvua. Nikafungasha majani kwenye kitambaa, nikaondoka hata ugali wake sikula, na najua hakupenda.

Hii nilimpikia mama mwenyewe, sikumruhusu mtu aguse. Nikakaa mbele yake nikimkodolea macho.

Alionja. Hakurudisha kikombe mezani. Nikaanza kutabasamu.

"Haya mbuzi wangekula," akasema.

Lo! Nililipuka. Nilisema maneno mengi, nikahesabu safari zangu, nikamwuliza kama ananifanyia kusudi, kama anataka nife kwa mbio. "Basi sema unataka nini, mama! Sema!"

Aliweka kikombe chini polepole. "Nataka kwangu," akasema, sauti ndogo kabisa. "Kiguu na njia wewe, umezunguka kote, hukuniuliza hata siku moja nataka kwenda wapi."

Nikaenda uani nikafua nguo zilizokuwa safi.

Siku mbili tatu baadaye simu ikalia, jina la jirani. Roho ikaruka, halafu nikakumbuka mama yuko chumbani kwangu anakoroma. Jirani alikuwa anasema mchwa wameingia nyumbani kwa bibi, wameshapanda nguzo ya jiko, mtu aje aone kabla paa halijainama. Nikashukuru kupata pa kwenda. Nikapanda gari la Handeni, kisha bodaboda mpaka Kang'ata, vumbi mpaka kwenye kope.

Nguzo ilikuwa imeliwa kweli. Nikamtafuta fundi, tukapatana, na jirani akaniita kivulini kwake nipumzike. Akanipa chai ya rangi kwenye kikombe cha bati, na mhogo wa kuchemsha.

Nikanywa. Nikasimama. Nikakaa tena.

Ilikuwa chai ya mama. Chai ile ile, nzito, ya utotoni, ile inayokamata ulimi pembeni na kukuacha unataka funda jingine. Ulimi wangu uliikumbuka kabla ya kichwa changu.

"Majani gani haya?" nikauliza, karibu nimkabe.

Jirani akashtuka. Akaingia ndani akaleta pakiti. Majani ya vumbi, ya kawaida kabisa, yanauzwa kwenye kioski mbele ya nyumba yangu. Mimi mwenyewe siwezi kuyanunua hata nikiwa na njaa.

"Umetia nini kingine?"

"Sukari, dada. Na maji."

Nikaomba maji ya kunywa. Akanichotea kwenye mtungi. Nikaonja, na maji yalikuwa ya chumvi.

Nilicheka peke yangu mpaka jirani akaanza kuniangalia kwa wasiwasi. Jamani! Mimi nimezaliwa juu ya maji haya. Nimekunywa haya, nimeogea haya, nimefulia haya na sabuni ikigoma kutoa povu. Ndiyo maana maziwa yanakatika. Ndiyo maana mama anateleza bafuni kwangu, amezoea maji yanayoikatalia sabuni. Lakini sisi hatukuwahi kuyaita ya chumvi. Tuliyaita maji tu. Nikaondoka mdogo kwenda shule, nikayazoea ya bomba, ulimi ukasahau. Na mama angenitajiaje kilichopungua, wakati kwake hicho hakikuwa kitu cha kutajwa? Alijua tu chai haikolei, akayalaumu majani, nami kwa ujuzi wangu wote wa majani nikamfuata.

Nilishuka bondeni mwenyewe na dumu la njano. Nikaiona ile sehemu ya kuteleza. Nikachota.

Pale kituoni Handeni konda aliniangalia akidhani macho yanamdanganya. "Mama, dumu hilo ni mafuta?"

"Maji."

"Unatoa maji Handeni unayapeleka Korogwe?" Akaligeukia gari zima. "Jamani, njooni muone! Watu wanahangaika na maji hapa, mama huyu anayasafirisha kwenda kulikojaa mito!"

Walinicheka mpaka Korogwe. Nami nilicheka nao, nimelibana dumu kwa miguu, nikiwaza, nimeshinda.

Jioni hiyo hiyo nikachemsha. Nilitia yale majani yaliyojikunja ya duka la Wahindi, maana na mimi nina heshima yangu. Nikamimina kwenye kikombe, nikampa, nikajifanya nafagia.

Nilisikia funda. Halafu funda jingine, refu, lenye sauti. Nilipogeuka mama alikuwa amefumba macho, kikombe amekikumbatia kwa mikono miwili, na jasho dogo limemtoka juu ya mdomo kama zamani akitoka shamba. Alimaliza. Akanyoosha kikombe, hasemi kitu, niongeze. Nikaongeza.

Mwisho akavuta pumzi. "Ulikwenda kule."

"Nilikwenda."

Akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyeafiki bei. "Haya. Umeshinda, mwanangu."

Mama yangu ni mtu wa neno. Tangu jioni ile hakulitaja jina la Kang'ata, hata kwa bahati mbaya. Alikuwa anakunywa chai yake asubuhi na jioni, analala, anaswali, anachambua mchele uliokwisha chambuliwa. Jirani akipiga simu anamwambia, "Sisi wazima," na kunirudishia simu. Haulizi nguzo, haulizi shamba. Wajukuu wakimwuliza, "Bibi, kwenu kukoje?" anajibu, "Mbali."

Nilipata nilichokitaka, na sikuweza kukaa nacho. Nilikuwa naamka, nazunguka nyumba, napanga makopo yangu ya majani kabatini, nayapangua. Ningependa aseme, agombe, anune. Siku moja nikamchokoza makusudi, "Mama, wenzako wameshasafisha mashamba, ee?" "Niliahidi," akasema. Sikuwahi kuona mtu mkaidi namna ile kwa kutii.

Kisha mvua ya kwanza ikanyesha. Ilianza alfajiri, na kukipambazuka nilimkuta mlangoni, amekaa chini kwenye kizingiti, miguu imenyooshwa nje inalowa. Harufu ya udongo ilikuwa imejaa nyumba nzima. Lile kopo la mbegu alikuwa amelipakata mapajani, kifuniko wazi, na mkono wake ulikuwa ndani, unazitifua tu mbegu, unazitifua. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, pale nyuma yake, na sikujificha.

Nikaingia jikoni kumpikia chai. Dumu lilikuwa limebakiza kidogo chini, halitoshi hata nusu kikombe. Nikalishika mpini, nikasimama pale. Nikafikiria kisima. Nikafikiria ile sehemu ya kuteleza. Hofu yangu yote ilikuwa pale pale, haikupungua hata chembe, na nafikiri haitapungua mpaka nife.

Nikarudi mlangoni na dumu.

"Mama, maji yamekwisha."

"Basi nipe ya bomba," akasema bila kugeuka. "Nitakunywa."

"Hapana. Jiandae, twende tukachote."

Mkono wake ukatulia ndani ya kopo. "Tukachote wapi?"

Alijua wapi. Alikuwa ananingoja, mama huyu, amenyooka shingo, hageuki. Ahadi aliiweka yeye, na hakuwa tayari kuivunja hata kwa herufi moja.

"Kang'ata," nikasema. "Twende Kang'ata, mama, ukapande mahindi yako. Lakini kuchota atachota jirani, nimeshapatana naye kichwani mwangu, na mimi nitakuja kila nikipata nafasi. Wewe kisimani huendi."

"Nani kasema naenda kisimani?"

Akafunika kopo, akakigonga kifuniko kwa kiganja kikaingia barabara. Akashika fremu ya mlango, akajiinua mwenyewe, nyonga ikalia, nikanyoosha mkono akaukataa. Alipokwisha simama ndipo aliponigeukia, uso umelowa mvua.

"Umelitaja wewe," akasema. "Mimi sikulitaja."